Mgonjwa wa Machela Hapangi Foleni

Devota aliniambia niandike kurasa mbili za kuwaachia ninyi mnaobaki ofisini. "Mama, andika yale unayotufokea kila siku," alisema, "ili ukiondoka tuendelee kufokewa." Nimestaafu majuma matatu sasa. Nimepalilia migomba mpaka migomba yenyewe imechoka kuniona. Kwa hiyo naandika, na kama kurasa zitazidi mbili mtanisamehe, maana huku nyumbani hakuna anayeangalia saa.

Vyeo sivisemi. Mshahara ndiyo kabisa. Nitasema nilivyoanza, vifaa nilivyoshika, na kosa moja. Kwa ajili ya kosa hilo ndiyo nimekubali kuandika.

Nilianza kazi nikiwa binti, kwenye chumba cha kadi za wagonjwa katika hospitali moja wilayani Muleba. Mkuu wa chumba alikuwa Ta Felisiani. Kwetu mzee wa kiume humwiti jina tupu, unatanguliza Ta, na huyu hata wagonjwa mahututi walikumbuka kuitanguliza. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye koti moja la kahawia na penseli nyekundu nyuma ya sikio. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: penseli hiyo, raba tulizokata kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, na trei la mbao lenye vijumba ishirini. Kila kijumba kilibeba kadi moja, kwa mpangilio ule ule wa watu walivyokaa kwenye benchi nje. Mtu wa nne kwenye benchi, kadi yake kijumba cha nne.

Siku yangu ya kwanza mama mmoja aliniambia dawa za salfa zinamkataa, akizinywa anavimba uso. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba nimesoma. Nikakata kikaratasi, nikaandika SALFA HAPANA kwa wino mwekundu, nikakibana kwa pini kwenye kijumba chake cha nne. Kazi safi kabisa. Nikajisifu moyoni.

Haikupita nusu saa ikaja machela. Wanaume wanane walikuwa wamembeba mtu kutoka mlimani kwa kupokezana, matope mpaka magotini. Mnajua kwetu inavyokuwa. Kabla hata sijaisikia, benchi zima lilikuwa limeshasimama. Vijana walikwenda kupokea miti ya machela mabegani, akina mama wakasogeza vikapu, na mgonjwa akawekwa mbele ya wote. Hakuna aliyeuliza na hakuna aliyenung'unika. Nami ndani nikasogeza kadi moja moja, wa kwanza akawa wa pili, wa nne akawa wa tano. Kikaratasi changu kikabaki pale pale kwenye kijumba cha nne, juu ya kadi ya mzee wa kikohozi aliyekuwa wa tatu.

Ta Felisiani alikiona. Hakupiga kelele. Alichomoa pini, akaitafuta kadi ya yule mama, akaandika juu yake kwa penseli nyekundu, kisha akanigeukia.

"Binti, kijumba hakiugui. Anayeugua ni mtu. Mwandikie mtu."

"Ndiyo, Ta."

"Na mgonjwa wa machela hapangi foleni. Kila siku watahama. Uwe unajua."

Nikasema najua. Na kweli nilijua, kwa miaka yote niliyokaa chumba kile. Nawaomba mlishike hilo, kwamba nilikuwa nimeshafundishwa.

Kompyuta ya kwanza ilikuja imefunikwa kitambaa cha mezani, na kwa miezi mitatu hakuna aliyethubutu kukivua. Mimi nilikivua. Nikajifunza kuandika programu polepole, kwanza kwa kuharibu, kisha kwa masomo ya jioni mjini Bukoba, na mwishowe nikahamia ofisi yetu hii ndogo inayotengeneza mifumo ya zahanati na vituo vya afya. Nikazeeka ndani yake. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu Devota alipoajiriwa, msichana mwembamba mwenye kicheko kikubwa, anayekula senene huku anaandika programu na kuacha mafuta kwenye kibodi. Ndiye aliyenirudisha darasa la kwanza.

Programu nilizozizoea zilikuwa za kuamrisha. Unaiambia skrini weka jina hapa, futa lile pale, paka nyekundu, ongeza mstari. Ukisahau hatua moja, uchafu wa jana unabaki kwenye skrini ya leo. Devota alikuja na namna nyingine. Huko huamrishi, unaeleza tu kwamba hali ikiwa hivi, skrini ionekane hivi. Hali ni zile taarifa ulizonazo kwa wakati huo: nani amefika, nani ameitwa, nani ameondoka. Ikibadilika hali, skrini inajichora upya yenyewe.

"Mama, unaishikia skrini fimbo," aliniambia. "Iambie unachotaka, uiache."

"Mwanangu, nimelea watoto watano. Ukisema unachotaka ukawaacha, hakifanyiki."

"Jaribu, waitu," akanibembeleza kwa Kihaya.

Nikajaribu. Wiki ya kwanza niliingiza jina kwenye orodha, skrini ikalala. Nikaingiza tena, kimya. Nikabamiza meza, chai ya watu ikamwagika. Kumbe mashine haisomi orodha jina kwa jina. Inauliza tu: hii ni orodha ile ile ya mwanzo? Ukiwa umechomeka jina kimyakimya ndani ya orodha ya zamani, inajibu ndiyo, ni ile ile, inalala. Dawa yake ni kutengeneza orodha mpya, yenye majina yote ya zamani pamoja na hilo jipya, na kuikabidhi hiyo. Nimewaona wengi wenu mkibamiza meza ile ile kwa sababu ile ile. Acheni meza ipumzike.

La pili, skrini iliandika "Wanaosubiri: 9" na kwenye benchi walikuwa saba. Nilikuwa nimehifadhi idadi peke yake, mbali na orodha, na kila mtu akiondoka ninapunguza moja. Mahali pamoja nilisahau kupunguza. Devota hakunieleza sana. Alifuta mistari yangu kumi na miwili, akaweka mmoja unaohesabu orodha yenyewe. Kinachohesabika msikihifadhi. Mkiwa na nakala mbili za ukweli, siku moja zitagombana, na zikigombana mtaitwa ninyi kusuluhisha.

La tatu lilichekesha ofisi nzima. Nilibadilisha hali katikati ya kuchora. Skrini inajichora, hali inabadilika, kwa hiyo inajichora tena, hali inabadilika tena, na kishikwambi kikapata moto mpaka nikakishika kwa khanga. Sehemu ya kuchora kazi yake ni kusoma tu. Mabadiliko yasubiri mtu abonyeze kitu, au taarifa mpya ifike.

Matatu hayo yalininyima raha lakini hayakumgusa mgonjwa. La nne lilimgusa.

Katika namna hii ya kuandika, kila mstari wa orodha unaupa ufunguo, yaani alama ya kuutambua, ili watu wakihama mashine ijue mstari upi ni wa nani. Devota alinieleza mara moja, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyeelewa. Ufunguo nikaweka namba ya foleni. Wa kwanza moja, wa pili mbili. Na ile alama nyekundu ya mzio, dawa zinazomkataa mtu, nikaiacha ikae ndani ya mstari mpaka huduma iishe, ndipo iingie kwenye faili lake. Ofisini tulijaribu kwa majina ya kubuni, kila mara tukiongeza chini. Ilifanya kazi vizuri sana. Ofisini kwetu hajawahi kuletwa mtu kwa machela.

Tukaupeleka mfumo kwenye kituo kimoja cha afya cha vijijini, njia ya kuelekea Kimwani. Sitakitaja, kwa sababu kosa halikuwa lao. Nilikaa siku tatu kuwafundisha wauguzi. Siku ya pili nilisimama mbele yao nikasema maneno haya, nayarudia kama yalivyo: "Mgonjwa akishasema mara moja pale mapokezi, basi. Msimuulize mara tatu tatu, mnamchosha. Mashine itabeba."

Wakapiga makofi. Sista Adelina, muuguzi wa chumba cha vidonda, hakupiga. Aliuliza, "Na isipobeba?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Siku ya tatu mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilikaa mapokezi, bega kwa bega na karani, nikiangalia kazi ya mikono yangu. Mtu wa tatu kwenye foleni alikuwa Ma Yustina, mama wa umri kama wangu, mkulima, kikapu cha ndizi miguuni na mguu umevimba kwa kidonda cha jembe. Aliinama dirishani akasema wazi, "Penisilini inanikataa. Nilichomwa zamani nikazimia, wakadhani nimekufa." Karani akaandika. Mstari wa tatu ukawaka mwekundu, herufi kubwa, MZIO: PENISILINI. Nikamwonyesha karani kwa kidole, nikamwambia, "Unaona ilivyo nzuri?"

Kisha ikaja machela.

Pikipiki zilikuwa zimekwama kwenye tope, kwa hiyo wanaume walimbeba mzee wao kama baba zao walivyobeba. Benchi likasimama. Ma Yustina akasimama na mguu wake ule. Hata mimi nilisimama, nikatoka kushika mti mmoja. Karani, kwa adabu ile ile, akamwingiza mzee juu kabisa ya orodha. Majina yakashuka, kila mtu nafasi moja. Alama nyekundu haikushuka. Ufunguo wake ulikuwa tatu, ikabaki kwenye tatu, na wa tatu sasa alikuwa dereva wa bodaboda aliyechunika goti, aliyekuwa amekaa mbele ya Ma Yustina. Yeye Ma Yustina akawa wa nne. Mstari wa nne ulikuwa mweupe, na ukabaki hivyo, maana jina halikutoka kwenye orodha mpaka huduma yake yote iishe.

Zamu ya Ma Yustina ilipofika, mganga wa kituo aliangalia skrini. Hakumuuliza, kwa sababu mimi nilikuwa nimewaambia wasiulize. Akamwandikia penisilini.

Dereva aliingia kwa Adelina kusafishwa goti. Mlango wa pili, chumba cha sindano, aliitwa Ma Yustina. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya milango hiyo miwili, nakunywa chai ya karani. Adelina akamaliza goti, akachukua kishikwambi, akasoma.

"Umesema una mzio wa penisilini?"

"Mimi?" dereva akashangaa. "Aa, sista, mimi dawa zote ni rafiki zangu."

"Hujasema mapokezi?"

"Sijasema kitu. Niliuliza choo tu."

Mwingine angesema mashine imekosea, akaendelea. Mimi mwenyewe nilikuwa nafungua mdomo kusema hivyo, kwamba bonyeza hapo, futa. Adelina aliitazama tena ile nyekundu.

"Kama si yako," alisema, "ni ya nani?"

Kisha akapiga kelele, mwanamke ambaye kwa siku tatu sikuwa nimemsikia akipaza sauti. "Sindano zote simamisheni! Simamisheni!" Akatoka mbio, akanipita, chai ikanimwagikia. Nilipofika mlangoni Ma Yustina alikuwa ameegemea ukuta, amegeuza mgongo, na muuguzi kijana nyuma yake ameshavuta dawa, ameshapaka spiriti. Adelina alimshika yule muuguzi kifundo cha mkono kwa mikono miwili.

"Mama," alimwambia Ma Yustina huku anahema, "kuna dawa inayokukataa?"

"Penisilini," akajibu bila kugeuka. "Nimeshasema."

Mawe, mama yangu! Niliketi sakafuni pale pale, mbele za watu, na gauni langu la mafunzo.

Nilizima mfumo. Nikawaambia warudi kwenye madaftari, na kila mtu aliye ndani ya jengo aulizwe upya kwa mdomo. Kisha nikasimama chini ya paa la bati, mvua inapiga, nikampigia Devota. Nilimweleza mpaka mwisho. Swali lake lilikuwa moja.

"Mama, ufunguo wa mstari uliweka nini?"

"Namba ya foleni."

Nilisikia mvua ya huko Bukoba kwenye simu, na mvua ya kwangu. "Namba ya foleni ni ya nafasi, Mama," akasema taratibu. "Si ya mtu."

Kijumba hakiugui. Ta Felisiani alikuwa amekwishalala kaburini miaka mingi, na sauti yake ilikuja kama vile amekaa kwenye kiti cha pili. Nililia, na sioni haya kuliandika.

Marekebisho yenyewe yalichukua chini ya saa moja, na hilo linaniuma mpaka leo. Ufunguo ukawa namba ya faili la mgonjwa, ambayo haibadiliki hata akikaa wapi. Alama ya mzio tukaiondoa kwenye mstari, ikawa inaingia kwenye faili lake dakika ile ile anapoitamka, na mstari kazi yake ikawa kuisoma tu. Devota akaongeza jaribio, ambalo ninyi mnalijua kwa jina tu bila asili yake. Orodha yoyote mkiiandika, mnaweka mtu juu, mnatoa mtu katikati, mnaigeuza juu chini, halafu mnaangalia kama kila mmoja bado ana vitu vyake. Mnapoulizana ofisini, "Umeipitisha machela?" ndipo ilipotoka. Sasa mnajua.

Mkuu wetu wa wakati ule alinipigia jioni. Alikuwa mtu mwema, alitaka kunisitiri. "Andika hitilafu ya mtandao," alisema, "yameisha." Huko vijijini mtandao husingiziwa mambo mengi, na haujawahi kujitetea. Lakini kabla ya kuandika chochote nilikuwa na mtu wa kumwona.

Ma Yustina alikuwa amekaa varandani anasubiri mvua ipungue, mguu umefungwa bandeji, ameshapewa dawa nyingine. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia mimi ndiye niliyetengeneza mashine ile. Nikamweleza kwamba maneno yake yalishika nafasi aliyokaa, hayakumshika yeye, na alipompisha mzee wa machela maneno yake yalibaki nyuma. Alinisikiliza vizuri. Alielewa upesi kuliko baadhi yenu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Lakini waitu," alisema, "mimi niliwaambia. Pale dirishani. Na wewe ulikuwa umekaa hapo."

Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha, akanipa mkungu mdogo wa ndizi niende nao Bukoba, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu. Niliupakata njia nzima. Usiku huo huo nikaandika taarifa: kosa ni langu, ufunguo niliuweka mimi, na maneno ya kuwakataza wasiulize niliyasema mimi. Nikapewa barua ya onyo. Ipo kwenye droo ya meza mliyorithi kwangu, msiitupe.

Adelina nilimrudia na mfumo uliorekebishwa baada ya wiki mbili. Niliomba tukae wote tena, nikafuta maneno yangu mbele ya wale wale walionipigia makofi. Nikawaambia waulize mapokezi, waulize kwa mganga, waulize sindano ikiwa mkononi. Mashine ikumbuke, na mtu aulize. Mara hii Adelina ndiye aliyeanza kupiga makofi, kidogo, kwa vidole, kama mtu anayekung'uta unga.

Juma lililopita nilikwenda kupima presha, kwenye kituo karibu na nyumbani. Mfumo ni ule ule, nimeutambua hata kwa rangi ya vitufe. Nilijiandikisha, nikasema dawa inayonikataa mimi, nikakaa kwenye benchi, mtu wa pili. Ikaja machela. Nikasimama na wenzangu, nikampisha mwanamke mjamzito aliyebebwa na shemeji zake, nikakaa nafasi ya tatu. Presha yenyewe nadhani ilipanda hapo hapo. Nilipoitwa niliinama kuchungulia skrini bila aibu. Jina langu, na chini yake nyekundu yangu, imenifuata.

Muuguzi, binti mdogo asiyenijua kabisa, aliiona pia. Ilikuwa mbele ya macho yake, herufi kubwa. Akaisoma, akaweka kishikwambi mezani, akanitazama usoni.

"Mama, kuna dawa yoyote inayokukataa?"

Nikamwambia.